Ukanda wa Mbele

Kila asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha moja, mtunza ukumbi alikuwa akivua viatu na kuivuka sakafu peku, polepole, akikandamiza kisigino kila baada ya hatua mbili. Mtu asiyemjua angedhani anaganga miguu. Alikuwa anakagua. Kisigino chake kilimwambia pale pana vumbi, pale pana unyevu uliopanda kutoka chini, na kwamba ubao wa tisa kutoka dirishani umeanza tena kulia. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameisafisha sakafu ile ya mbao kwa maji ya vuguvugu na kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakaribia kukauka, basi. Sabuni kidogo mara moja kwa mwezi. Polishi, hapana. Sakafu ya kuchezea haipigwi polishi, na aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele yake alijipatia hotuba ya bure.

Vijana walimwita Mzee Vua, kwa kuwa neno la kwanza kumtoka kinywani, hata kabla ya salamu, lilikuwa "vua". Vua viatu. Alimwambia hivyo daktari aliyekuja kutoa mhadhara, akamwambia hivyo mkaguzi wa majengo, na siku moja akamwambia hivyo bwana harusi aliyekodi ukumbi, ambaye soksi yake, maskini ya Mungu, ilikuwa na tundu la kutosha kupitisha kidole gumba na jirani yake. Bwana harusi alinuna. Mzee Vua hakujali. Wageni walikuwa wanakuja na kuondoka, sakafu ilikuwa inabaki.

Halafu benki ikaja. Tuseme kweli, maana siku hizi ni rahisi kuisema benki vibaya: ilifanya mambo. Uwanja wa nje ulipata nyavu na mistari mipya. Stoo ya zamani, iliyokuwa makazi ya panya wenye heshima zao, ikageuzwa chumba cha afya chenye mizani na mashine ya kupima shinikizo la damu. Ukumbini zikaja taa na ngoma mpya. Kila kitu kilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa nguzo: nguzo ya afya, nguzo ya utamaduni, nguzo ya michezo. Bango la nguzo tatu lilipofika, Mzee Vua aliuliza kama litatundikwa kwa misumari, na alipoambiwa litasimama lenyewe kwa miguu yake, alilipenda.

Aliyekuja na mambo hayo yote alikuwa binti mmoja wa umri wa wajukuu wa watu, Afisa wa Jamii wa benki, mwenye sauti ya upole na simu isiyonyamaza. Alimwita Mzee Vua "baba", naye akavua viatu siku ya kwanza bila kuambiwa. Hilo lilimpatia kibali cha daima.

Mzee Vua alikuwa na watoto watatu. Wawili walishajitegemea, na wa mwisho, msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa amekulia kwenye sakafu ile akimsubiri baba yake amalize kazi. Alirithi jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo baba yake alimwita "mama" tangu akiwa kwenye nepi. Kwenye kikundi cha ngoma walimwita Springi. Hakuwa mwenye mabega mazuri kuliko wenzake, wala hakuwa mwenye kutabasamu kwa mpangilio. Ila alikuwa anaruka. Akiruka, watu walipata muda wa kujiuliza atashuka lini.

Siku kubwa ilipangwa. Mkurugenzi wa benki angekuja kuzitazama nguzo zake kwa macho yake, na pamoja naye angekuja mwalimu wa chuo cha ngoma kilicho mbali, ambaye angechagua kijana mmoja wa kwenda kusomeshwa. Mmoja tu. Kila mtu alijua ni nani. Mwalimu wa kikundi alijua, wenzake Springi walijua na walikuwa wameshamsamehe, na Mzee Vua alijua kuliko wote, ingawa alijifanya hayamhusu. Nyumbani, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameishona sketi ya mwanawe kwa siku tatu, akaifumua pindo mara mbili.

Siku moja kabla, Afisa wa Jamii alikuja na kopo la polishi kwenye mfuko wa karatasi. Aliliweka mezani kwa aibu kidogo, kama mtu anayerudisha chombo alichokivunja. Alieleza kwamba mpiga picha ameutazama ukumbi, amesema sakafu imechoka, kwenye picha itaonekana ya kijivu. Mzee Vua akamtolea hotuba. Akamweleza habari ya unyayo na mbao, jinsi mchezaji anavyoikamata sakafu kwa ngozi ya mguu, na jinsi polishi inavyomnyang'anya mchezaji kitu hicho kimoja alicho nacho. Binti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole kama haiwezekani basi kupiga kidogo tu, pale mbele, ambapo vitakaa viti vya wageni. Pale hachezi mtu.

Hapo ndipo penye shida yote, na nitapaeleza vizuri. Mzee Vua alikuwa na mstari wake wa chaki. Aliuchora kila wiki kwa kamba na mkono wake mwenyewe, kukata ukumbi kwa upana: huku ndani ni kwa wachezaji, kule mbele, ukanda wa hatua tatu hivi hadi kwenye njia ya saruji ya mlango mkubwa, ni kwa viti. Hakuna mchezaji aliyevuka chaki. Watoto wadogo walifundishwa chaki kabla ya kufundishwa kuhesabu mdundo. Kwa hiyo aliposikia "pale mbele", aliona viti, akaona miguu ya wageni iliyotulia, akaona kwamba binti anasema jambo la akili.

Na kulikuwa na kingine, ambacho hakumwambia mtu. Alitaka ing'ae. Miaka kumi na minane ameitunza sakafu ambayo wageni waliikanyaga bila kuitazama, na kesho mwanawe angeruka juu yake mbele ya watu wanaojua. Alitaka angalau kipande kimoja kiseme kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Alipiga polishi mchana kutwa akiwa amepiga magoti, akasugua, akaiacha ikauke, akasugua tena, hadi akaiona taa ya darini imelala ndani ya ubao. Jioni Afisa wa Jamii alipiga simu kuomba mstari wa chaki nao ufutwe, kwa sababu kwenye kamera unaonekana kama uchafu. Akaufuta. Vijana wenyewe wanajua unapopita, alijiambia, hata wakifumba macho.

Siku ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Nje kulikuwa na hema la afya, muuguzi anapima watu, uwanjani wavulana wanarusha mpira. Mzee Vua aliweka viti yeye mwenyewe, safu mbili juu ya ukanda ule, akavipanga kwa kamba. Wageni wakaketi. Kisha mtu akaja mbio kwamba bomba la kwenye hema limefunguka na maji yanakwenda chini ya meza ya muuguzi, naye akachukua ndoo akatoka.

Hakukaa nje sana. Aliporudi kwa mlango wa pembeni, ndoo mkononi, ngoma zilikuwa zimeshaanza. Kitu cha kwanza alichokiona ni viti. Vilikuwa vimesogezwa nyuma hadi kwenye njia ya saruji, wageni wamebanana kwa furaha. Mpiga picha alikuwa ameona kwamba bango la nguzo tatu haliingii lote kwenye picha, akaomba wageni warudi nyuma na vijana wasogee mbele, wasilizibe. Maombi ya mtu mwenye kamera hayakataliwi. Ukanda wa mbele ulikuwa mtupu, unang'aa, na hakukuwa na chaki ya kumwambia mtu chochote.

Wimbo ule aliujua. Bintiye aliurudia nyumbani hadi vyombo vya kabatini vikaujua. Mdundo ungebadilika mara tatu, na kwenye badiliko la tatu Springi angetoka kona ya nyuma kwa miruko mitatu ya kukatiza, wa mwisho ukiwa mkubwa kuliko yote. Siku zote mruko ule uliishia katikati ya ukumbi. Leo wote walikuwa wamesogea mbele. Mzee Vua alipiga hesabu kwa macho, akapata jibu, akapiga tena kwa kuwa jibu lile halikumpendeza.

Alikuwa na muda. Baadaye angejirudia jambo hili mpaka limchoshe: alikuwa na muda wa kuvuka ukumbi ule kwenda na kurudi. Afisa wa Jamii alimwona pale mlangoni, akaweka kidole mdomoni, akionyesha kamera. Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo. Mwalimu wa chuo alikuwa ameshika kalamu. Kumkatiza mtoto mbele ya mtu huyu, leo, kwa kelele ya mzee mwenye ndoo? Na angesema nini, kwamba kuna polishi, polishi gani, nani ameipiga? Labda ataufupisha mruko. Labda imekauka vya kutosha. Aliiweka ndoo chini taratibu ili isilie. Mdundo ulipobadilika mara ya tatu aliinua mkono, kiganja mbele, juu ya kichwa, vile mtu anavyomzuia mtoto asiingie barabarani. Sauti haikutoka. Springi, pale kwenye kona ya nyuma, aligeuza uso, akamwona, akatabasamu. Kisha akaja.

Mruko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ule wa tatu hakuna aliyewahi kuuona mfano wake. Hata wapiga ngoma, waliouona mara mia, walinyanyua vichwa. Alishuka kwa mguu wa kulia juu ya ukanda wa mbele, na mguu ukaendelea na safari yake peke yake. Goti liligeukia ndani. Kulikuwa na sauti ndogo, kavu. Wageni walipiga makofi, kwa sababu walidhani ndivyo ngoma inavyokwisha, na waliendelea kupiga makofi hadi alipojaribu kuinuka.

Muuguzi alikuja mbio kutoka kwenye hema na alichokuwa nacho, ambacho kilikuwa mashine ya kupima shinikizo la damu na plasta. Barafu waliitoa kwenye sanduku la soda. Mzee Vua alimbeba bintiye hadi kwenye gari, na njiani, usoni mwake hapakuwa na jasho wala machozi, alikuwa anauliza tu kama mwalimu ameandika.

Hospitalini walisema kano za ndani ya goti zimekatika, mbili, na gegedu limechanika. Operesheni ingehitajika, nayo ifanywe mapema, na mtaalamu wa kuifanya hayupo kwenye hospitali ile wala kwenye nyingine za serikali, yuko kwenye zile za kulipia. Bila hivyo angetembea. Daktari alilisema neno "atatembea" kama mtu anayetoa zawadi.

Kesho yake Afisa wa Jamii alileta fomu ya taarifa ya tukio. Macho yake yalikuwa mekundu. Alieleza kwamba kituo kina bima, mambo yatakwenda, ila mtunza ukumbi lazima ajaze sehemu yake. Hali ya sakafu wakati wa tukio: nafasi ya mstari mmoja. Mzee Vua alikaa na kalamu. Aliufikiria mstari ule, akakifikiria kibarua chake jinsi kitakavyoota nyasi, akamfikiria mkewe aliyelala kwenye kiti cha hospitali na bintiye atakayeamka na kuuliza. Akaandika: Safi na kavu. Hakusema uongo, alijiambia. Ilikuwa safi. Ilikuwa kavu. Binti wa benki alilitazama jibu lile kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, maana kopo alilileta yeye, kisha akaikunja fomu akaitia kwenye bahasha. Hawakutazamana.

Zikapita wiki tatu. Springi alirudi nyumbani na magongo, akawa anakaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, na jambo lililomkondesha baba yake kuliko yote ni kwamba hakulia. Alikuwa anafanya kazi. Aliweka vidole viwili juu ya meza ndogo, vikawa miguu, akavitembeza hatua zile zile, moja, mbili, ruka, akisimama kabla ya mruko wa tatu na kurudia. Alikuwa anatafuta kosa lake. Alimwambia mama yake kwamba nadhani niliharakisha, nadhani mguu wa kushoto ulichelewa, na mama yake alimwambia ale kwanza.

Jibu la bima lilikuja kwa barua ya ukurasa mmoja. Jengo lilikuwa katika hali nzuri kama ilivyothibitishwa na mtunzaji wake. Mshiriki alikosea hatua, na hiyo ni hatari ya kawaida ya mchezo, hailipwi. Afisa wa Jamii aliuliza kama nguzo ya afya ingeweza kubeba operesheni, akaambiwa nguzo ya afya ni ya kinga: kupima, kuelimisha, kuhamasisha. Nguzo ya afya, kumbe, ilikuwa ya wazima.

Wiki hiyo hiyo mwenzake Springi, yule aliyekuwa wa pili, alikuja kuaga. Nafasi ya chuo ilikuwa imempata yeye. Alilia kwenye kochi mpaka Springi ndiye akambembeleza, akamwambia achukue na ile sketi, imeshonwa vizuri, itamfaa.

Mama mtu akaenda kuitoa sketi kwenye mfuko wa hospitali ili aifue. Ubavuni, mahali alipoangukia, palikuwa na doa. Alifua mara mbili, doa likabaki. Mtu aliyeshona miaka ishirini hashindwi na doa. Aliweka gazeti juu na gazeti chini, akapitisha pasi ya moto. Gazeti likanyonya. Aliponyanyua lile la juu, lilikuwa limelowa nta ya rangi ya asali, na chumba kizima kikanuka kama ukumbi siku ile ya wageni.

Mzee Vua aliporudi kutoka kazini alikuta gazeti lile limetandikwa mezani mahali pa sahani yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akijifuta mikono iliyokuwa imeshakauka.

"Hii ni ya sakafuni," alisema.

Aliitikia kwa kichwa.

"Mtoto anajilaumu mchana kutwa. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Aliomba siku chache. Alisema aende kwanza benki akairekebishe ile fomu, ili akija kwa mtoto asije mikono mitupu. Mkewe alikubali, lakini tangu siku hiyo akawa analala amegeukia ukuta.

Benki alipewa namba kama wateja wengine, akakaa kwenye kiti cha plastiki na karatasi yake hadi Afisa wa Jamii alipopita, akamwona, akamwingiza kwenye kijumba cha vioo. Alisema yote. Alisema polishi, chaki, viti, muda aliokuwa nao pale mlangoni. Yule binti alisikiliza hadi mwisho kama alivyosikiliza ile hotuba ya kwanza, halafu akafunika uso kwa mikono. Alisema kopo lilikuwa lake na ataandika hivyo. Na tumpe haki yake, aliandika. Aliweka jina lake na kopo lake kwenye barua, akaituma siku ile ile, na ninavyosikia ilimharibia kazini.

Jibu halikuchelewa. Maelezo ya kwanza ndiyo yanayosimama. Maelezo mapya yametolewa na mtu huyo huyo baada ya kujua kwamba madai yamekataliwa, na mtu huyo ni mzazi wa aliyeumia, kwa hiyo ana maslahi; na barua ya afisa inathibitisha kopo tu, haithibitishi sakafu. Mzee Vua aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Alipodanganya alikuwa mtunza ukumbi mwaminifu wa miaka kumi na minane. Aliposema kweli akawa baba mtu.

Siku mbili baadaye gari la benki lilileta picha ukumbini. Ilikuwa kubwa, ya kutundikwa, imefungwa kwa karatasi laini, na chini yake maneno: Tunawekeza katika kesho yao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu wa ofisi nyingine kabisa alikuwa amechagua picha nzuri kuliko zote, na kweli ilikuwa nzuri kuliko zote. Springi alisikia habari zake akataka kuiona. Mzee Vua alisema bado haijatundikwa. Binti akasema basi ataiona ikiwa chini.

Alikuja alasiri na magongo yake, mara ya kwanza tangu siku ile. Mlangoni alisimama, akaegemea ukuta, akavua kiatu kimoja alichokuwa amevaa. Baba yake alitaka kumwambia si lazima, akashindwa. Walizunguka kwa pembeni hadi kwenye benchi, naye akaketi, mguu mbovu mbele. Ukanda wa mbele ulikuwa mkavu, wa kijivu. Mzee Vua alikuwa ameikwangua polishi yote kwa kisu na maji ya moto, ubao kwa ubao, hadi kucha zake zikavimba.

Alimfungulia picha, akaiegemeza kwenye kiti. Springi yuko hewani. Mikono yake imefunguka, goti la kulia linaanza kunyooka kwenda chini, na nyuma yake nguzo zote tatu zinasomeka vizuri. Aliitazama bila kupepesa. Baba yake alisimama pembeni, akiyapanga tena maneno aliyoyapanga usiku na mchana. Alisema, "Mama, nina jambo la kukwambia," naye, akiwa bado anaitazama picha, akanyoosha kidole.

Kwenye kona, kwa ukungu kidogo, ulionekana mlango wa pembeni na mtu aliyeinua mkono juu ya kichwa.

"Huyu ni wewe," alisema. Sauti yake ilikuwa imechangamka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Nilijua. Nilimwambia mama, akasema nimeota. Miaka yote hujawahi kuja kunitazama nikicheza, baba, kila siku uko na ndoo yako. Siku ile nikageuka nikakuona unanipungia. Ndiyo maana niliruka vile. Mguu umeharibika, sawa. Nimekosea hatua. Lakini ule ulikuwa mruko wangu mzuri kuliko yote, na uliuona."

Mzee Vua aliketi sakafuni. Kwa muda alifikiri kumwachia imani hiyo. Nini kingebadilika? Goti halingerudi. Chuo hakingerudi. Angebaki na kitu kimoja cha kushika, na kitu hicho kingekuwa baba yake anampungia mkono. Lakini alikumbuka vile vidole viwili juu ya meza, moja, mbili, ruka, vikitafuta kosa ambalo halikuwa lake, na akaona vitalitafuta hadi uzeeni.

"Hukukosea hatua," alisema. "Nilipiga polishi hapa."

Akamwambia. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye mlango na ndoo alisema polepole zaidi: kwamba aliona, kwamba alijua mruko utaangukia wapi, kwamba alikuwa na muda wa kupiga kelele, na hakupiga, aliona haya mbele ya wageni. Kwamba aliinua mkono amzuie.

Alipomaliza, nje mpira ulikuwa unadunda uwanjani, na mtoto mmoja alikuwa anabishana na refa. Springi hakuutazama ukanda, wala goti. Alikuwa anaitazama kona ile ya picha.

"Kwa hiyo hukunipungia," alisema.

"Hapana, mama."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akaomba kiatu chake. Mzee Vua akakifuata mlangoni, akarudi nacho, akapiga magoti mbele ya benchi na kumvisha, akafunga kamba. Mguu wa mtoto ulikuwa wa baridi. Alimwachia amvishe, uso ameugeuzia dirishani, na alipomaliza akachukua magongo yake akasema atakwenda peke yake.